Mgongo wa Gonroku

Hakuna aliyewahi kuuona mgongo wa Gonroku, na jambo hilo lilimnyima Yasue Kanbe raha kwa muda wa miezi minane.

Yasue alikuwa fundi wa meno ya bandia mjini Shimizu, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye mikono isiyotikisika hata ardhi ikitetemeka kidogo. Siku za kazi alichonga magego ya watu asiowajua. Jumapili alipanda ngazi za duka la tofu la Bwana Ogushi, ambako chama chao cha waunda modeli, watu saba tu, kilikutana katika chumba cha juu kilichonukia maharage ya soya ya kuchemshwa. Wenzake sita waliunda maroboti ya dukani: unafungua sanduku, unakata vipande kutoka kwenye fremu zake za plastiki, unasugua kwa msasa, unabandika, unapaka rangi. Yasue alikuwa anaunda roboti ambaye hakuna kiwanda kilichowahi kumtia kwenye sanduku.

Huyo ndiye Gonroku. Alitokea katika katuni moja ya maroboti iitwayo Kikosi cha Boruzenga, iliyoonyeshwa kwenye televisheni Yasue alipokuwa na miaka tisa. Kila Ijumaa jioni alikimbilia kwenye duka la kunyolea la shangazi yake, akakaa kwenye kiti cha wateja kilichokuwa wazi, akaitazama kwa macho yote mawili bila kupepesa. Watoto wengine walimpenda Boruzenga mwenyewe, jitu jekundu lenye mabawa na upanga wa radi. Yasue alimpenda Gonroku, roboti wa mizigo mwenye kitambi cha mviringo, rangi ya maziwa iliyochubuka, ambaye hakuwahi kufyatua hata risasi moja. Vita vikipamba moto, Gonroku alikuwa anakuja taratibu, tung, tung, tung, amebeba maji na vyakula, na akirudi amebeba majeruhi. Dereva wake hakuonyeshwa hata siku moja. Sauti yake ilisikika mara moja tu, sauti ya mtu aliyechoka: "Haya, nimeleta chakula."

Katuni yenyewe ilikatishwa nusu ya njia kwa sababu midoli yake haikununulika. Yasue alikuwa anakwenda duka la midoli kila Jumamosi kuuliza kama Gonroku amefika, na mwenye duka alikuwa anamjibu kwa upole kwamba bado, labda wiki ijayo. Kisha siku moja rafu yote ya Boruzenga ikaondolewa, pakawekwa vishada.

Sasa, baada ya miaka arobaini na kitu, alikuwa ameamua kumuunda mwenyewe. Kichwa alikichonga kwa nta, kama anavyochonga jino, kisha akakimimina kwa utomvu wa plastiki anaoutengenezea meno kazini. Kitambi alikipata kwa kupasha moto bamba la plastiki na kulivuta juu ya bakuli la supu. Rangi ya mwili hakubahatisha: alitumia kadi ya rangi za meno, akachagua ile ya mtu mzima anayependa chai na asiyependa mswaki. Mbele alijua kila kitu. Ubavuni alijua kila kitu. Nyuma hakujua chochote.

"Sehemu kumi na moja ametokea," alisema Bwana Ogushi, ambaye aliitazama katuni nzima akiwa na saa ya kupimia mbio. "Dakika nne na sekunde kumi na tisa kwa jumla. Na hata sekunde moja hajageuka. Anakuja uso kwa uso, anaondoka kinyumenyume kama gari la taka. Lakini mimi nakwambia, mgongoni ana mabomba mawili ya moshi. Makubwa! Sehemu ya kumi na nne moshi unaonekana nyuma ya bega lake."

"Ule moshi wa ghala linaloungua, Bwana Ogushi."

"Ghala liko kushoto. Moshi uko kulia."

"Upepo je? Huko kwenye katuni hakuna upepo?"

"We mama, upepo unavuma kuelekea ghalani! Tazama bendera!"

Waliitazama bendera. Waliitazama mara sita, wakisimamisha picha, huku wenzao wakiomba jamani tubadilishe mazungumzo. Bwana Ogushi alikuwa mtu wa kubishana tangu kuzaliwa. Alibishana na wateja kama tofu ni laini au ni laini sana. Yasue naye hakuwa mtu wa kushindwa. Mwishowe wakawekeana sharti mbele ya chama kizima: siku ukweli utakapojulikana, aliyekosea atamwita mwenziwe Mwalimu kwa mwaka mzima, popote watakapokutana, hata dukani mbele ya wanunuzi.

"Na usipojulikana?" aliuliza mmoja wao.

"Basi tutabishana mpaka kufa," Bwana Ogushi akasema, na ilionekana wazi kwamba jambo hilo halimsumbui hata kidogo.

Baada ya hapo Yasue alifanya kazi ya mgongo nyumbani, asubuhi kabla ya kwenda kazini, na hakumwonyesha mtu.

*

Mwezi wa tano ulifika, na pamoja nao maonyesho makubwa ya modeli mjini Shizuoka, ambako vyama kutoka kila pembe ya nchi hupanga meza zao katika ukumbi mmoja. Chama cha Shimizu kilipewa meza karibu na ukuta, kati ya watu wanaounda vifaru vya vita kutoka Nagoya na kundi la wastaafu wanaounda mahekalu na ngome za kale.

Gonroku alisimama katikati ya meza, urefu wa chupa ya mchuzi wa soya, uso kwa watu, mgongo ukutani. Pembeni yake Yasue aliweka kioo kidogo cha mviringo chenye mpini mrefu, kile ambacho daktari wa meno humwingizia mgonjwa mdomoni, pamoja na kikaratasi: Anayetaka kuona nyuma, atumie hiki.

"Umemwelekeza mgongo ukutani kwa sababu unaona haya," alisema Bwana Ogushi.

"Nimemwelekeza mgongo ukutani kwa sababu ndivyo alivyo. Kioo hicho, tazama."

"Sitazami. Nikitazama nitakasirika, na leo nataka kula vizuri."

Saa mbili za kwanza watu walipita bila kusimama. Vijana waliyakimbilia maroboti mapya yenye taa machoni. Mtu mmoja alidhani Gonroku ni sufuria ya kupikia wali. Yasue alimcheka, akamwambia hukukosea sana, na akaendelea kula tonge lake la wali lenye samaki ndani. Alikuwa na furaha hivyohivyo. Kumwona Gonroku amesimama mezani mchana kweupe, chini ya taa za ukumbi, kulimtosha.

Ndipo akaja mzee mmoja mwembamba, amevaa kizibao cha wavuvi chenye mifuko mingi, amebeba mifuko miwili mizito iliyomvuta mabega chini. Alikuwa anapita tu. Akampita Gonroku hatua tatu, akasimama, akarudi. Aliiweka mifuko chini. Aliinama mpaka pua ikakaribia kuugusa mguu wa roboti.

"Nani amekwambia huu mguu wa kushoto una bawaba tatu?" aliuliza. Hakusalimia.

Yasue alimeza wali harakaharaka. "Katuni yenyewe, mzee. Sehemu ya kumi na saba, anapovuka daraja. Kulia bawaba mbili, kushoto tatu. Nimehesabu."

"Mbili."

"Tatu, mzee wangu," Bwana Ogushi akadakia, maana hapa hata yeye alikuwa upande wa Yasue. "Tumesimamisha picha. Kuna duara la tatu chini ya goti. Haliwezi kuwa kitu kingine."

"Linaweza," mzee akasema. "Ni mchuzi."

"Mchuzi?"

"Mchuzi wa tambi. Nilikuwa nakula mezani huku nachora, likanidondokea tone juu ya mguu. Sikuwa na muda wa kuchora upya, nikaupeleka mchoro vilevile. Wachoraji wakadhani ni bawaba, wakaichora kila mara. Bosi alinisifu, akasema umefikiria vizuri, mguu wa kushoto unabeba uzito zaidi."

Yasue na Bwana Ogushi waliinama pamoja kulitazama lile duara la tatu. Meza ya jirani mtu wa vifaru alikuwa anapuliza vumbi.

"Mzee," Yasue akasema polepole, "ulikuwa unachora nini?"

"Si ndiye huyu hapa," mzee akasema, akimwonyesha Gonroku kwa kidevu, kama mtu anayemtaja ndugu aliyemkopa asirudishe.

Jina lake lilikuwa Utsugi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili alipoajiriwa kwenye studio ile, kijana aliyetaka kuchora majitu yenye mabawa. Wakubwa walimchora Boruzenga. Yeye alipewa roboti wa mizigo, na mchana mmoja wa kumkamilisha. Katuni ilipokatishwa, studio ikafungwa, naye akaenda kuchora vyombo vya jikoni kwa miaka thelathini na tano. Hakuwahi kumhadithia mtu kazi yake ya kwanza. Nani angeuliza habari za roboti aliyeonekana dakika nne?

"Dakika nne na sekunde kumi na tisa," alisema Bwana Ogushi. Kisha akakumbuka ubishi wao, akaushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Mzee Utsugi. Tafadhali. Tuamulie jambo moja. Mgongo wake ulikuwaje? Mabomba mawili, sivyo? Makubwa?"

"Mgongo gani?"

"Wa Gonroku!"

"Hana mgongo," mzee akasema. "Mchana mmoja, bwana, nitachora mangapi? Nilichora mbele, nikachora ubavu, saa ya kupeleka ikafika. Mwongozaji akauliza nyuma kukoje, nikamwambia nyuma hakujakuwepo bado. Akaguna, akawaambia wachoraji, huyu msimgeuze. Basi hawakumgeuza."

Bwana Ogushi alikaa kwenye kiti. Miezi minane ya bendera na moshi ilimpita usoni.

"Na ule moshi wa sehemu ya kumi na nne?" aliuliza kinyonge.

"Si ghala lilikuwa linaungua?"

Yasue angeweza kucheka hapo, na siku nyingine angecheka mpaka ashike mbavu. Lakini leo hakucheka. Alichukua kile kioo cha mpini mrefu, akampa mzee kwa mikono miwili.

"Mimi nimemtengenezea," alisema. "Samahani kama nimekosea adabu."

Mzee Utsugi alikipokea. Alikipitisha nyuma ya bega la Gonroku kwa uangalifu, akafumba jicho moja.

Nyuma ya Gonroku palikuwa na kibaraza. Kibaraza kidogo cha chuma, upana wa kidole gumba, chenye ngazi ya kupandia na mlango uliochubuka rangi pale mkono unapogusa. Kando ya mlango palikuwa na benchi la kukunja, na juu ya benchi birika na kikombe kimoja. Taulo lilianikwa kwenye kamba. Viatu viwili vya mvua viliegeshwa ukutani, kimoja kimelala. Kulikuwa na chungu cha vitunguu vya majani vilivyoota, vitatu, kila jani Yasue alilikata kwa kisu cha kazini chini ya lenzi.

Mzee alitazama kwa muda mrefu. Kioo kilianza kutikisika, na Yasue akadhani analia. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka kimyakimya, mabega yanapanda na kushuka, mpaka ikabidi aondoe mkono asije akaangusha kitu.

"Dereva anaishi huku," alisema.

"Atalala wapi basi?" Yasue akajibu. "Kazi yote ile, mchana kutwa kuwapelekea watu chakula. Lazima awe na pahali pa kukaa akanywa chai."

"Chai gani?"

"Ya hapahapa Shizuoka. Nyingine ya nini?"

Mzee akacheka tena, safari hii kwa sauti, kicheko kikubwa kisicholingana na mwili wake, mpaka watu wa vifaru wakageuka. Akatazama tena kwenye kioo. Akauliza mlango unafunguka? Yasue akasema unafunguka, lakini kwa sindano. Akauliza vitunguu vinamwagiliwa na nani roboti akitembea? Yasue akasema vinapata mvua. Akauliza kwa nini kiatu kimoja kimelala, na Yasue akasema hajui, kiliponyoka kwenye koleo kikalala hivyo, naye akaona kimependeza.

"Basi sasa anaweza kugeuka," mzee akasema.

Alinyoosha mikono, akamtazama Yasue kuomba ruhusa, Yasue akakubali kwa kichwa. Mzee Utsugi akamshika Gonroku ubavuni kwa vidole viwiliviwili, akamzungusha taratibu mpaka mgongo ukaangalia ukumbi mzima.

"Kwa hiyo!" Bwana Ogushi aliruka kutoka kitini. "Mzee, wewe ndiye mchoraji. Tunaomba hukumu. Kama mgongo haukuwepo, basi sote wawili tumekosea. Sare! Au sivyo?"

"Mnabishania nini?"

Wakamweleza lile sharti. Mzee alisikiliza kwa makini sana, kama jaji.

"Haukuwepo," alisema. "Lakini sasa upo, nami nimeuona. Nikiulizwa kesho mgongo wa Gonroku ukoje, nitasema ni huu. Mabomba sitayataja."

Bwana Ogushi alitazama juu, akatazama chini, akatazama mlango wa kutokea. Kisha akajinyoosha, akaweka mikono ubavuni, akamwinamia Yasue mpaka kiunoni, na kwa ile sauti anayouzia tofu asubuhi akasema, "Mwalimu!"

"Sijasikia," Yasue akasema.

"Mwalimu! Jamani Mwalimu, usinifanyie hivi mbele ya watu wa Nagoya!"

Watu wa Nagoya walipiga makofi. Hawakujua sababu, lakini waliipenda sauti.

Makofi yalimleta mwanamke mfupi aliyevaa aproni, akitokea meza ya mahekalu na ngome huku mkono mmoja umeshika paa dogo la vigae. "Baba wee! Nimesimama pale na paa mkononi kama mwendawazimu, gundi imo kwenye mfuko wako! Unafanya nini huku?" Huyo alikuwa Bi Fusae, mke wa mzee, na ngome ndiyo ilikuwa kazi yake, mumewe alikuja kubeba mizigo tu.

"Huyu roboti nilimchora mimi," Mzee Utsugi akamwambia.

"Roboti yupi?"

"Huyu. Zamani. Kabla hatujajuana."

Bi Fusae alimtazama Gonroku, akamtazama mumewe, akarudi kwa Gonroku. "Miaka thelathini na nane," alisema. "Miaka thelathini na nane nakaa na wewe chumba kimoja, najua hupendi figili, najua unakoroma ukilala chali, halafu leo ndiyo naambiwa ulichora roboti kwenye televisheni?"

"Alikuwa wa kubeba mizigo tu. Niliona si wa kujisifia."

"Si wa kujisifia! Tazama alivyo mzuri!" Aliinama. "Ana vitunguu, jamani! Kumbe lile sufuria letu la wali la kwanza, lile lenye kitambi, ulikuwa unamchora huyuhuyu?"

Mzee Utsugi akawa mwekundu mpaka masikioni. "Masufuria yote," akakiri. "Niliyochora yote yana tumbo lake. Hakuna aliyegundua."

Sijui habari husafirije ndani ya ukumbi kama ule, lakini kabla ya saa nane foleni ilikuwa imefika kwenye mlango wa vyoo. Walikuja wanaume wenye mvi na wanawake wenye miwani ya kusomea, watu ambao waliwahi kukaa mbele ya televisheni Ijumaa jioni wakadhani wako peke yao. Fundi mmoja wa reli kutoka Hamamatsu alimtazama Gonroku, akasema "Haya, nimeleta chakula" kwa sauti ya yule dereva, sawasawa kabisa, na foleni nzima ikalipuka kwa kicheko. Waliomba kuona mgongo. Waliomba kuonyeshwa tone la mchuzi. Yasue alitaka kuling'oa lile duara la tatu papo hapo, lakini mzee alimkatalia kabisa, akasema hilo ndilo wazo pekee alilowahi kusifiwa nalo na bosi wake. Bwana Ogushi alisimamia foleni kwa kelele nyingi. "Mmoja mmoja! Msiguse! Maswali yote kwa Mwalimu!" Kufikia saa kumi alikuwa ameliita jina hilo mara nyingi kuliko sharti lilivyotaka, na ilikuwa dhahiri kwamba ameanza kulifurahia.

Yasue alijibu maswali mpaka koo likakwaruza. Bi Fusae alimletea mshikaki wa oden, vyakula vya kuchemshwa kwenye mchuzi mweusi, akamwamuru aketi ale, akasimama mahali pake akawaeleza watu habari za roboti ambaye alimjua kwa saa mbili tu, bila kukosea sana.

*

Jumapili iliyofuata Mzee Utsugi alipanda ngazi za duka la tofu, amevaa kizibao kilekile, na mkewe nyuma yake. Kwapani alikuwa na sanduku jipya kabisa la dukani, roboti mdogo wa kuanzia, wa watoto wa miaka minane na kuendelea.

"Sijawahi kuunda hata mmoja," alisema. "Nimechora tu. Mnipokee, tafadhali."

Walimpisha nafasi mezani, kati ya Yasue na dirisha. Bwana Ogushi akamletea tofu ya baridi yenye tangawizi. Yasue akamwonyesha namna ya kushika koleo, kukata kipande mbali kidogo kwanza, kisha karibu, kisha msasa. Mzee alisikiliza kwa adabu, akaitikia kwa kichwa, akakata kidole cha roboti badala ya kijiti cha fremu.

"Si kitu," Yasue akasema. "Tutakibandika."

"Nitakibandika mwenyewe."

Alikibandika mwenyewe. Gundi ilimwagika kwenye meza, kwenye kizibao, na kwenye karatasi ya maelekezo ambayo alikuwa ameishika kichwa chini. Alipata goti, akalikosa, akalipata tena. Baada ya robo saa aliinua mkono wake wa kushoto kwenye mwanga ili wote waone: mguu mzima wa roboti ulikuwa umeganda kwenye kidole gumba, umesimama wima.

Bi Fusae alicheka mpaka akalala juu ya mikeka. Wenzao wa chama waliacha kazi zao. Bwana Ogushi akasema apelekwe maonyesho ya mwakani hivyohivyo, kidole na yote, ana uhakika wa zawadi. Yasue aliloweka pamba kwenye maji ya uvuguvugu, akaanza kumnasua taratibu, kama anavyofanya na jino lililokwama kwenye kalibu.

"Nyinyi chekeni tu," Mzee Utsugi alisema, na yeye mwenyewe hakuweza kuufunga mdomo kwa furaha. Aliunyoosha mkono uliobaki kuelekea sandukuni. "Hebu nipeni mguu wa pili."